Zamu ya Jumatano

Sheria zilikuwa nne, na Ilukor ndiye aliyeziandika kwenye karatasi ya daftari, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Mtoto afike ameshakunywa uji. Mtoto mwenye homa abaki kwao. Atakayechelewa kumchukua wake apige simu. Na ya nne: siku ya sikukuu, kila mtu akae na mtoto wake.

Walikuwa wazazi watatu waliopokezana kulea, kila mmoja na mtoto mdogo mmoja. Ilukor alipakia magunia kwenye stoo ya nafaka mjini Busia, upande wa Uganda. Mkewe, Amongin, alipika katika shule ya bweni huko Tororo na alirudi nyumbani mwisho wa wiki tu, kwa hiyo binti yao Akiror, wa miaka miwili na nusu, alibaki na baba. Wa pili alikuwa jirani yao Athieno, aliyeuza nyanya sokoni. Wa tatu alikuwa Bridgit, Mkenya, muuza viatu vya mitumba, ambaye aliishi ng'ambo ya mpaka katika mtaa wa Marachi.

Kila mmoja alikuwa amejaribu njia nyingine kwanza. Ilukor alimleta msichana wa kazi kutoka Mella. Alikaa wiki tatu, akaondoka asubuhi moja bila kuaga. Kituo cha kulelea watoto karibu na stendi kilikula nusu ya alichopata. Mama yake huko Kiyeyi angefurahi kumlea mjukuu, lakini macho yake yalikuwa mabovu na uani kulikuwa na kisima kisicho na mfuniko. Kwa muda alimbeba Akiror hadi stooni na kumkalisha juu ya magunia matupu, mpaka mwenye stoo aliposema hapo si nyumba ya kunyonyesha.

Basi wakagawana siku. Jumatatu na Jumamosi, siku ambazo magari huwa machache, watoto walikaa kwa Ilukor. Jumanne na Ijumaa walikaa kwa Athieno. Jumatano na Alhamisi walivuka kwenda kwa Bridgit. Aliyekuwa na zamu alipoteza kazi ya siku hiyo, lakini siku nyingine nne alifanya kazi bila kulipa mtu. Walikwenda hivyo miezi saba. Okia, mpima mizani wa stoo, alimwita Ilukor yaya mwenye ndevu.

Jumatatu ya kwanza ya Juni Bridgit hakumleta binti yake. Baadaye Ilukor alisikia kwenye redio ya jirani kwamba ilikuwa Madaraka, sikukuu ya Kenya. Alielewa. Sheria ya nne ilikuwa imefuatwa, akaona yameishia hapo.

Jumatano ilikuwa tarehe tatu, Siku ya Mashahidi, wale Wakristo waliouawa kwa imani yao, na Uganda yote ilipumzika. Stoo haikupumzika. Maharage mapya yalikuwa yakiingia kutoka Mella, Kiyeyi na Iyolwa, na wanunuzi walikuwa Wakenya, ambao kwao hiyo ilikuwa Jumatano kama Jumatano nyingine. Okia alimwambia mapema: "Wewe kuja tu. Magari tano iko njiani. Mashahidi watatuombea sisi tukiwa hapa hapa."

Kwa Bridgit haikuwa sikukuu, kwa hiyo Ilukor aliamka, akapika uji, akamnywesha Akiror, akamvisha sweta ya bluu. Mlango wa Athieno ulikuwa na kufuli. Alidhani amewahi kuvuka na mtoto wake. Kumbe Athieno alikuwa amekwenda kusali tangu jana yake usiku, na mtoto mgongoni.

Rasto alifika saa kumi na mbili na nusu. Miguu yake ilipooza akiwa mdogo, na riziki yake ilikuwa baiskeli ya magurudumu matatu aliyoiendesha kwa mikono, yenye jukwaa la mzigo mbele. Alivusha sabuni, soda na unga, mara sita au saba kwa siku. Kila Jumatano na Alhamisi aliwavusha pia watoto wa kikundi, maana Ilukor alitakiwa stooni kabla ya saa moja na Bridgit alikuwa akiwangojea getini kwake.

"Abiria ni mmoja leo?" Rasto aliuliza.

"Mwingine ametangulia."

"Sawa. Madam Akiror, panda. Ukilala njiani unalipa mara mbili."

Akiror alicheka, akakaa katikati ya makatoni mawili na kushika kamba kama alivyofundishwa. Ilukor aliwatazama mpaka walipokata kona ya kinyozi, kisha akaenda kazini.

Simu ya Bridgit iliingia saa saba na robo, wakati alipokuwa ameketi kivulini na chupa ya maji.

"Baba Akiror, habari za huko? Niko Kisumu. Nimeona viatu hapa, vyekundu, vya kufunga na kamba. Akiror anavaa namba ngapi siku hizi?"

Ilukor alicheka. "Dada, si upime mguu wake tu. Unaye hapo."

"Ninaye nani?"

"Akiror."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtu anayenadi mashati.

"Baba Akiror," Bridgit alisema polepole, "leo si sikukuu kwenu? Mimi nilijua mko nyumbani. Niliondoka jana jioni na mtoto wangu."

"Stoo haikufunga. Nimemtuma na Rasto asubuhi, kama kila Jumatano."

"Amemwachia nani? Mlango wangu nimefunga mwenyewe."

Ilukor alisimama. Chupa ilianguka na maji yakaanza kumwagika kwenye vumbi, naye akayatazama kana kwamba ni kitu cha kuamuliwa kwanza. Alikata simu bila kuaga. Alimpigia Rasto; simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena, ikawa vilevile. Alijaribu kupanga mambo kichwani, maana hiyo ndiyo tabia yake. Kwanza Rasto. Rasto ndiye aliyemwona mwisho. Kama Rasto yuko salama, basi mtoto alifika mahali fulani. Lakini mawazo hayakukaa kwenye mstari. Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa saba na robo. Aliihesabu hiyo nafasi mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa muda wa karibu saa saba nzima.

"Ilukor! Gari iko hapa!" Okia aliita.

"Mtoto amepotea."

"Nani?"

Ilukor alikuwa ameshafika barabarani.

Alimkuta Rasto karibu na geti la mpaka, akifunga makatoni ya sabuni kwenye jukwaa. Rasto alipoona uso wake aliacha kufunga kamba.

"Ulimpa nani mtoto?"

"Si nilimpa dada yake Bridgit? Yule aliyejifunga leso ya kijani. Alikuwa pale kwenye geti la Bridgit, ana watoto wengine wawili mkononi. Nilimwuliza, Bridgit yuko? Akasema Bridgit ametoka, lakini huyo pia lete."

"Bridgit hana dada pale."

Mikono ya Rasto, iliyozoea kuzungusha wakati wote, ilitulia juu ya vishikio.

"Simu yako imezimwa," Ilukor alisema.

"Chaji. Imeisha tangu saa tatu."

Ilukor aligeukia geti, na hapo ndipo alipokumbuka koti. Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni mwa koti, koti lilikuwa kwenye ofisi ya stoo, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula.

"Shika nyuma," Rasto alisema. "Sukuma. Msukumaji haulizwi kitu."

"Shusha basi huu mzigo, twende haraka."

"Mzigo ubaki. Nani anasukuma baiskeli tupu? Na usikimbie, ndugu. Mtu akikimbia hapa anakamatwa kwanza, ndipo anaulizwa."

Kwa hiyo Ilukor aliinama, akaweka viganja kwenye chuma cha moto, na kusukuma. Walikwenda kwa mwendo wa watu walio kazini. Mbele yao kulikuwa na mwanamke mwenye kikapu cha mayai aliyekataa kuharakishwa. Kulikuwa na lori lililokuwa likirudi nyuma, na kijana akilipigia mkono ubavuni, njoo, njoo, njoo. Ilukor alitazama visigino vyake mwenyewe. Kila hatua aliambiwa na mwili akimbie na kila hatua alijizuia, na jasho la kujizuia lilikuwa jingi kuliko la magunia.

Askari mmoja alinyoosha rungu.

"Rasto! Leo umepata injini mpya?"

"Injini ya Uganda, afande. Inakunywa mafuta sana."

Askari alicheka, akamtazama Ilukor usoni. Ilukor alijua kwamba injini nzuri ingetabasamu. Alivuta midomo. Askari aliendelea kumtazama kidogo, kisha akashusha rungu. Wakapita.

Waliacha sabuni kwa mwenye duka wa kwanza aliyekubali kuzitunza, na kutoka hapo Ilukor alisukuma kwa nguvu zake zote. Rasto alikuwa akipiga kelele watu wapishe.

Geti la ploti ya Bridgit, ua wa vyumba vya kupanga, lilikuwa wazi. Mlango wake, wa tatu kutoka mwisho, ulikuwa na kufuli kama alivyosema. Mwanamke mmoja alikuwa akifua chini ya bomba, mikono imejaa povu.

"Shikamoo, mama. Natafuta mwanamke wa leso ya kijani. Asubuhi alimchukua mtoto hapa getini."

Mwanamke alimtazama, akamtazama na Rasto. "Mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Umempa mtoto mtu usiyemjua?"

Rasto alijibu kabla ya Ilukor. "Mimi ndiye niliyempa, mama. Yeye hakuwepo. Tusaidie."

Mwanamke alikung'uta povu. "Huyo atakuwa Auntie Anjeline. Hakai hapa. Hupita asubuhi kukusanya watoto wa wale wanaokwenda soko, hapa anachukua wa namba tano na wa namba nane. Anachukua pesa kidogo sana. Mimi singempa wangu, lakini mimi mume wangu analipa nyumba, siwezi kuwasema wenzangu." Alionyesha kwa kidole chenye maji. "Nyuma ya mashine ya kusaga. Chumba cha mabati, mlango wa kijivu."

Hofu ya Ilukor ilipungua kidogo, kwa sababu sasa mtu yule alikuwa na jina na mlango. Hakujua kwamba ingerudi kubwa zaidi.

Umeme ulikuwa umekatika na mashine ya kusaga ilikuwa kimya. Wanaume wawili walikuwa wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda kwenye kibaraza chake. Nyuma, peke yake, kilisimama chumba cha mabati. Mlango wa kijivu ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa nje.

Ilukor alisimama mbele yake akisikiliza. Kwa miezi saba alikuwa amekaa na watoto watatu kila Jumatatu na kila Jumamosi. Alijua watoto watatu wana kelele gani. Alijua kwamba hata wakilala, mmoja hukohoa, mwingine husaga meno, wa tatu huamka akitaka kukojoa. Ndani ya chumba hiki hakukuwa na sauti yoyote.

"Hayuko hapa," alisema. "Hakuna mtu ndani."

Alipata tundu la msumari usawa wa kifua, akainama. Mwanzoni aliona giza. Kisha aliona miguu. Ilikuwa miguu midogo, wayo baada ya wayo, imepangwa kando ya ukuta kwenye magunia, na hakuna hata mmoja uliotikisika. Katikati ya ile miguu hakuweza kujua upi ni wa nani.

"Akiror!"

Hakuna mguu uliosogea.

Alishika kufuli na kuweka bega mlangoni. Bati lilipiga kelele kubwa, na wale wa drafti wakasimama.

"Oya, boss! Unatafuta nini hapo?"

"Acha," Rasto alisema kwa sauti ya chini. "Ilukor, acha. Mtu wa Uganda, hana kitambulisho, anavunja mlango wa watoto. Unajua watakuitaje? Hawatangoja umalize kusema."

"Wamekufa. Rasto, wamelala kama wamekufa."

"Acha mlango, ndugu yangu."

Rasto aliwageukia wale wawili na kupaza sauti. "Wakubwa, huyu ni baba ya mtoto mmoja humu. Tunamtaka Auntie. Yuko wapi?"

"Ameenda maji," mmoja alijibu, lakini hakuketi. Alikuja karibu, na mwenzake akamfuata. Walisimama mita chache, mikono mifukoni, wakimtazama Ilukor. Naye akaondoa mkono kwenye kufuli na kuuning'iniza wazi, waone kwamba hauna kitu. Wakangoja hivyo, wanaume wanne, kwenye jua. Ilukor alihesabu pumzi zake kwa sababu hakuweza kuhesabu za mtoto.

Anjeline alitokea na jerikeni kichwani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, anayetembea kwa kuegemea upande mmoja. Alipowaona, hatua zake zilipungua.

"Kuna nini?"

"Mtoto wa sweta ya bluu," Ilukor alisema. "Fungua."

"Wewe ndiye baba yake? Nilidhani ni mtoto mpya. Jana mama mmoja wa mboga aliniambia atanitumia wake leo, na sijamwona. Huyu mwenye baiskeli akasema Bridgit, mimi nikajua ni huyo amepitia kwa..."

"Fungua, mama. Nakuomba."

Alishusha jerikeni, akatoa ufunguo kifuani, akafungua. Joto na harufu ya mikojo vilitoka pamoja. Ilukor aliingia kwa magoti. Sweta ya bluu ilikuwa ya mwisho kabisa, kwenye kona. Alimgeuza. Uso wa Akiror ulikuwa wa moto na mkavu, mdomo wazi. Alimwinua na kichwa kikaanguka nyuma kama cha kuku aliyechinjwa. Alikishika kwa kiganja. Aliita jina lake sikioni. Alimpuliza usoni. Kope zilitikisika, zikatulia.

Alikuwa anapumua. Pumzi zilikuwa mbali mbali, na baada ya kila moja Ilukor hakuwa na hakika kama nyingine ingekuja.

"Umewapa nini?"

"Dawa ya mafua tu. Kijiko kimoja, baada ya uji." Anjeline alikuwa amesimama mlangoni. "Wanalala mchana. Wazazi wao wanajua. Baba, mimi ni mtu mmoja. Mwaka juzi mmoja alitoka nikiwa nimekwenda maji, akafika barabarani kwa malori. Nilimkuta chini ya lori lililosimama, anacheza na tairi. Tangu siku ile nafunga, na wanalala." Alionyesha mtoto wa kwanza karibu na mlango, mvulana mwembamba mwenye fulana ya njano. "Yule ni mjukuu wangu. Siwapi kitu ambacho yeye simpi."

Ilukor alimsikia, na hata wakati ule aliona kwamba alikuwa akisema kweli. Lakini hakuwa na nafasi ndani yake ya kuiweka kweli hiyo.

"Nipe chupa."

Kulikuwa na kliniki mtaa wa pili. Rasto aliendesha, Ilukor akakaa jukwaani na mtoto mapajani, na wale wawili wa drafti, bila kuambiwa na mtu, wakasukuma. Njia nzima Ilukor aliweka kidole chini ya pua ya Akiror. Gurudumu lilipoingia shimoni alipoteza ile pumzi ndogo, akaitafuta, akaipata tena.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alisoma chupa kabla ya kumgusa mtoto, akauliza kijiko kilikuwa cha ukubwa gani. Hakuna aliyejua. Alimfungua macho Akiror na kuyamulika, akasikiliza kifua, akamlaza ubavu, kisha akampiga kwa ncha za vidole chini ya nyayo, kwa nguvu.

"Dawa hii ni ya watu wazima," alisema. "Mwite. Usiache kumwita."

Ilukor alimwita. Alimwita kwa Kiteso, kwa jina lake na kwa majina yote ya utani aliyokuwa nayo. Alimwambia kuhusu mbuzi wa bibi kule Kiyeyi. Daktari alipiga nyayo, akangoja, akapiga. Saa ya ukutani ilisogea dakika kumi, kisha kumi nyingine. Rasto alikuwa ameketi kizingitini, miguu yake imekunjwa chini yake, hatazami ndani.

Katika dakika ya thelathini hivi Akiror alikunja uso. Alinung'unika kama mtu mzima aliyeamshwa vibaya. Kisha akatapika kitu cheupe kwenye mkono wa baba yake, akafungua macho, akaona miwani ya mgeni, na kulia kwa sauti ambayo wagonjwa waliongoja nje waliisikia.

"Vizuri," daktari alisema. "Alie. Usimbembeleze."

Ilukor alimshikilia na hakumbembeleza.

Daktari alikuwa ameishika tena ile chupa, akiinamisha aone kilichobaki. "Wako wangapi waliopewa?"

Ilukor alikumbuka ile miguu kando ya ukuta. "Kumi na nne, pamoja na huyu."

Daktari alichukua mkoba wake na kumwambia muuguzi aangalie foleni.

Waliporudi kwenye chumba cha mabati, Anjeline alikuwa ameufungua mlango wote na kuwatoa watoto sita kivulini. Alikuwa akiwanawisha nyuso kwa leso yake ya kijani. Wanne walikuwa wameketi wenyewe, wenye macho mazito. Daktari aliingia ndani na kuanza upande wa ukuta, mmoja baada ya mwingine, nyayo, macho, kifua. Kila aliyelia alitolewa nje. Ilukor, na Akiror begani, aliwapokea na kuwaketisha. Hakuwajua majina. Anjeline aliyasema, na yeye akayarudia masikioni mwao ili wasilale tena.

Pamoja na wale sita wa kwanza, kumi na wawili walikuwa nje. Daktari alibaki muda mrefu kwa wa kumi na tatu, yule wa fulana ya njano karibu na mlango.

"Huyu alipewa ngapi?"

Anjeline alikunja leso yake. "Alikuwa analia sana leo. Meno. Nilimwongezea."

"Ngapi?"

"Viwili. Na kidogo."

Daktari alimbeba mwenyewe. "Nani anakuja naye? Nataka mtu wa familia. Huenda tukaenda hospitali kubwa."

Anjeline alitazama mjukuu wake, kisha watoto waliokaa kwenye mstari. Mmoja alikuwa amekwisha kuinamia upande. Barabarani, nyuma ya mashine, lori lilipiga honi.

"Nenda naye wewe, baba," alimwambia Ilukor. "Una mwenye baiskeli. Mimi nitawaachia nani hawa? Mama zao wako soko, wengine wako ng'ambo kwenu. Hawaji mpaka jioni."

Ilukor angeweza kuondoka. Mtoto wake alikuwa macho. Alikuwa upande usio wake bila karatasi yoyote, na mlango ule ulikuwa umeshamtia mashaka mara moja siku ileile. Kila mzazi ambaye angekuja angemkuta yeye, mwanamume asiyejulikana, kati ya watoto walioleweshwa. Aliwaza watakachofikiri, na alijua, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amefikiri hivyo kuhusu mwanamke wa leso ya kijani.

"Nenda wewe," alisema. "Ni mjukuu wako. Mimi nitakaa nao."

"Sikujui."

"Watoto nimezoea. Nenda, mama."

Anjeline alimpa leso iliyolowa. Aliketi kwenye jukwaa la Rasto na daktari akamweka mvulana mapajani mwake, ubavu, kichwa juu ya mkono. Mmoja wa wale wa drafti alikwenda kusukuma. Mwingine alibaki, akaketi kwenye jerikeni, akasema jina lake ni Kevo na kwamba angemwambia kila atakayefika kuwa huyu jamaa ni sawa. Baada ya robo saa umeme ulirudi na Kevo akaitwa kwenye mashine.

Ilukor alibaki. Alifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mpera ili asitoke mtu kuelekea barabarani, akakaa mwisho wa kamba. Alipitisha leso kwenye nyuso kumi na mbili na ya Akiror, kisha akaanza upya. Aliyesinzia alimsimamisha. Aliyelia alimshukuru moyoni. Mashine ilikuwa ikinguruma sasa na hakuweza kusikia pumzi za mtu, kwa hiyo ilimbidi awatazame vifua. Simu ilitetemeka mara tatu, na mara zote alikuwa Bridgit. Aliandika kwa kidole kimoja kwamba Akiror yupo, akairudisha mfukoni. Habari za mvulana wa fulana ya njano hazikuwa zimefika. Kila alipotazama kona ya mtaa hakukuwa na baiskeli.

Mama wa kwanza alifika saa kumi na moja kasoro robo, mwenye ndoo ya samaki kichwani na vumbi hadi magotini. Aliona kamba. Aliona watoto nje, wakati huo ambapo kila siku huwakuta ndani. Hakumwona Anjeline. Aliishusha ndoo polepole, bila kuondoa macho kwa Ilukor, na mkono wake ukatafuta jiwe chini bila kulitazama.

"Wewe ni nani?" alisema. "Auntie yuko wapi? Mtoto wangu amefanywa nini?"

Ilukor aliinuka na mikono wazi. Akamwambia jina lake, na jina la binti yake, na kwamba watoto wote waliopo pale, na wa mama huyo pia, wako macho. Kisha akamwomba aketi, kwa sababu yaliyobaki yalikuwa marefu, na alitaka kuyasema yote.